Leo nimewekewa "Bado" na darasa langu

Leo nimeaibishwa na betri, jamani. Betri moja tu!

Huku milimani Same darasa langu lina kompyuta moja. Ukutani nimebandika karatasi ya malengo: kufungua faili, kuandika jina, kuhifadhi. Kila mtoto namwekea "Tayari" au "Bado".

Namkunda ana uoni hafifu. Mshale wa mausi haoni, kwa hiyo muhula mzima nimemwekea "Bado" bila hata kumjaribu, nikidhani namhurumia.

Asubuhi akaingia afisa elimu kata. "Mwalimu, hebu tuone hiyo kompyuta."

Nikashika mausi yetu isiyo na waya. Mshale hausogei.

Ndipo nikakumbuka: betri yake niliichomoa jana nikaitia kwenye saa ya ukutani.

(Wapare wenzangu, tunaosifika kwa kubana matumizi, msinicheke. Betri mbili za nini?)

Saa nayo inatembea vizuri kweli, tik tik tik.

Kabla sijapanda kiti niichomoe, Namkunda akanyoosha mkono. "Mwalimu, nijaribu kwa kibodi?"

Akakaa, pua karibu iguse kioo. Akabonyeza vitufe tu: faili likafunguka, jina likaandikwa, likahifadhiwa.

Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Nimejifunza mwenyewe wakati wa mapumziko. Ule mshale unanikimbia."

Afisa akaisoma karatasi, akanigeukia. "Huyu ndiye Bado?"

Nikachukua kalamu nikarekebisha, nikamwandikia "Tayari".

Namkunda, kwa adabu zote: "Na wewe mwalimu, tukuwekee nini?"

Darasa zima: "Badooo!"

Jina langu sasa liko ukutani, mstari wa mwisho. Nyie mngeniwekea nini?