Kesi ya Makande ya Nazi

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliteremka kutoka Chome na kiroba cha maharage kichwani, darasa la saba nimelipita ubavuni, na leo ukiulizia pale Same duka kubwa la mabati na matangi ya maji kando ya barabara kuu, utaletwa kwangu hata na mtu asiyenipenda. Nimeona benki ikinibembeleza nikope. Mwalimu aliyekuwa akinichapa kwa sababu ya hesabu nimemwona amesimama kwenye kaunta yangu akiomba nimpunguzie bei ya bati. Nikampunguzia, kisha nikamkumbusha. Sasa kitu gani kingine kinishangaze, simu?

Simu yenyewe, ile ya kioo, aliniletea binti yangu ambaye ni mwalimu kule Muheza. Nimemsomesha mimi, kwa misumari. Alikuja na simu hiyo mkono mmoja, na mkono mwingine habari kwamba kuna kijana wa hukohuko Muheza ambaye ndugu zake wangefika mwisho wa mwezi kuleta posa. Habari ya pili aliisema akiwa ameshika mlango.

"Baba, nina ombi moja," akasema. "Siku hiyo usibishane na mtu."

Ndiye binti yangu pekee. Nilimsikia anavyolitamka jina la yule kijana, polepole, kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Nikamwambia awe na amani, mimi na ubishi tuliachana zamani. Mama yake alikuwa anachambua mchicha, akacheka peke yake.

Wanaoijua Same wanajua kwamba saa sita ikifika jua linafunga biashara. Upepo unavuma kutoka tambarare, vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na hakuna mwenye akili anayenunua bati la kushika kwa mkono. Basi nikawa nakaa kivulini na simu yangu. Binti alikuwa amenifungulia ukurasa, akaniandika Mzee wa Mabati, akarudi zake kazini.

Siku ya kwanza kabisa ikaniletea mikono ya mwanamke. Uso hauonekani, mikono tu, bangili ya shaba, na sufuria. Sauti tamu ikasema, "Leo wapenzi tunapika makande ya kisasa." Kisha, mbele ya macho yangu, akamimina tui la nazi.

Msomaji, kama wewe si wa kwetu, nikueleze kidogo. Makande ni mahindi na maharage yaliyochemka pamoja mpaka yakasahau kwamba hayakuzaliwa tumbo moja. Unatia chumvi, unakaa, unakula, unapanda mlima. Babu yangu alikula hayo akalima mteremko ambao mbuzi anaufikiria mara mbili. Huyu mama alitia nazi, akatia karoti, akatia na pilipili hoho, halafu akapambia kwa majani.

Watu wanatusingizia Wapare kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Si kweli. Inategemea ni kuku gani. Lakini jambo moja ni kweli: Mpare hahukumu kabla ya kusikiliza upande wa pili mpaka mwisho. Kwa hiyo nikaitazama ile video hadi mwisho. Nikairudia ili nipate ushahidi wa karoti. Nikairudia tena kwa ajili ya majani. Ndipo nikaandika: NAZI NI YA WALI. NANI KAKUROGA?

Akanijibu: "Asante baba kwa kutazama, karibu tena."

Hilo "karibu tena" lilinikera kuliko tusi.

Kesho yake simu ikaniletea makande ya nazi mengine. Kesho kutwa, makande yenye soseji. Halafu kijana mmoja, sijui wa wapi, akasema makande ni chakula cha shule za bweni na watu waliokosa mboga. Kila nikifungua, kesi mpya. Nilizisikiliza zote mpaka mwisho na nilizijibu zote. Bando likiisha naongeza. Nikaona wazi kwamba nchi nzima imeinuka dhidi ya makande, na hakuna kiongozi hata mmoja anayesema neno.

Nikavuka barabara kumwuliza rafiki yangu mwenye bucha. Yeye ana simu kama yangu.

"Umeona haya ya makande?"

"Makande gani?"

"Vita, bwana. Mtandao mzima."

Akanionyesha simu yake. Ng'ombe. Akasogeza kwa kidole: ng'ombe. Madume wa kila rangi, wengine wanapimwa kwa mizani, wengine wanaogeshwa. "Mtandao mzima ni ng'ombe," akasema. "Wewe labda simu yako ina njaa."

Nikamhurumia. Nikajua hawa ndio watu wanaolala nchi ikichukuliwa.

Ndipo nikafanya kazi ya kiume. Nilimwambia mke wangu achemshe makande halisi, nikasimama mbele ya mabati na bakuli mkononi, nikajirekodi. Nilisema yote. Nikamtaja mama wa bangili ya shaba, nikasema mpishi wa namna ile mimi nisingemruhusu kukanyaga hata kizingiti cha nyumba yangu. Watu wakaitazama, si mchezo. Hata vijana wa bodaboda wakawa wakipita wananiambia, "Shikamoo Mzee wa Makande." Duka la mabati nimelijenga kwa jasho, jina likabadilika kwa bakuli moja.

Siku ya wageni ikafika. Sebule imedekiwa, vitambaa vyeupe kwenye makochi, mke wangu amepika pilau, kuku na ndizi. Mimi nikasisitiza makande yawepo mezani, katikati. Binti akanitazama. Nikamwambia huu si ubishi, ni chakula.

Wakaja watano: mshenga, baba mdogo wa kijana, wazee wawili, na shangazi yake aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mshenga alitangulia kutuambia wazi kwamba shangazi ndiye mwenye neno la mwisho. Mama mnene, mpole, amejitanda khanga mpaka kwenye vidole. Alikuwa ananitazama sana. Nikadhani ni heshima.

Chakula kikaandaliwa. Shangazi akaacha pilau, akaacha kuku, akanyoosha mkono kwenye makande. Khanga ikateleza. Bangili ya shaba.

Akatafuna bila haraka. "Mazuri," akasema, na ile sauti tamu ikaingia masikioni mwangu kama maji ya baridi. "Yamekosa nazi tu. Asante baba kwa kunikaribisha. Kizingiti nimeshakikanyaga."

Binti yangu akaweka kijiko mezani bila kukigonga, akatoka nje. Mshenga akaomba wao wapewe nafasi ya kuteta.

Nilimkuta binti uani, nyuma ya tangi la maji, hajalia bado lakini amejiandaa.

"Katika nchi nzima," nikamwambia, "simu inajuaje kuniletea huyuhuyu?"

"Baba, nilikuwekea namba yangu. Mimi na shangazi tunafuatana mtandaoni. Simu inakuletea watu wa watu wako."

"Na hao wengine wote wanaotukana makande?"

"Ulikuwa unawatazama mpaka mwisho?"

"Kwa hasira."

"Simu haijui hasira, Baba. Inajua umekaa. Ukikaa, inakuletea kingine cha kukukalisha. Na ukimjibu mtu, inampeleka kwa wengi zaidi. Shangazi ananiambia tangu mwezi huu uanze amepata wafuasi ambao hajawahi kuwa nao. Sikujua ni wewe uliyemtafutia."

Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu ujanja huo ni wangu. Dukani kwangu, mteja anayepita kimya simhangaikii. Anayesimama kugombana na bei, huyo ndiye mnunuzi. Kesho bidhaa aliyoitukana naiweka mlangoni. Nimefanya hivyo miaka yote, sasa nimewekewa mlangoni mimi.

Mshenga akatuita. Akasimama, akakohoa. Kwa desturi, siku ya posa wanaotozwa faini ni upande wa kijana: wamechelewa, faini, wamesahau salamu, faini. Mimi mwenyewe nilikuwa na makosa yao matatu mfukoni tayari. Lakini mshenga akasema nyumba imemtukana mgeni kabla hajafika, na posa haiwezi kuwekwa mezani mpaka mwenye nyumba alipe. Shilingi laki mbili, khanga, nazi kumi, na video ya kuomba radhi, mimi mwenyewe nikikuna nazi.

Sijawahi kusikia baba wa binti akitozwa faini sebuleni kwake. Mke wangu akahamia Chasu, kwa sababu ugomvi wa kweli nyumbani kwetu haufanywi kwa Kiswahili, na alichosema kilikuwa kifupi: nilipe. Nikamwangalia binti yangu pale mlangoni, ameushika tena kama siku ile. Nikalipa. Si kabla ya kuishusha laki mbili ile mpaka elfu sitini, maana mapenzi ya mzazi ni kitu kimoja na bei ni kitu kingine, na shangazi mwenyewe alikiri kwamba hajaona mtu anayejua kushusha bei kama mimi. Posa ikapokelewa siku ileile.

Video tulirekodi jikoni kwangu, yeye akielekeza, mimi nikikuna. Makande yale ya nazi nilikula sahani mbili, ya pili kwa ajili ya ushahidi.

Faini elfu sitini, khanga doti moja elfu kumi na nne, nazi kumi elfu kumi na tano, bando la kuirusha radhi yangu hewani elfu mbili na mia tano. Jumla, shilingi elfu tisini na moja na mia tano.