Mutoto wa Kitenge

Jumamosi, kwenye ukumbi wa parokia hapa Mapendo, kikundi chetu cha teatri kilikuwa kinachagua waimbaji wa mchezo wa kuchangia wodi ya wazazi. Mama mmoja wa Kibati alipewa wimbo wa kubembeleza mtoto. Mtoto hakuwepo, basi akakunja kitenge, akakibeba mgongoni, akaanza kuimba huku akijitikisa.

"Mama, pandisha sauti!" kiongozi akapiga kelele. "Benye kuwa nyuma habasikie!"

Mama akageuka, kidole mdomoni. "Papa, polepole. Mutoto njo kwanza anaanza kulala."

Kiongozi akamsogelea kwa kunyata. Kisha akamnong'oneza kwamba nafasi ni yake.

Nami, mtu mzima na akili zangu, nilimkazia macho mpiga ngoma aliyethubutu kukohoa.