Mama Aliyekula Chambo Chake

Binti yake alinipigia simu mchana, nikiwa nyumbani hapa Bariadi nanoa kisu cha kuparia samaki. "Baba mdogo, mama ametutoka," alisema. Kabla ya kumpa pole, kabla hata ya kuketi, nikauliza, "Amekufaje?" Nadhani alielewa kwa nini nimeuliza hilo kwanza. "Presha," akajibu. "Alijilaza baada ya chakula, tulipokwenda kumwamsha hakuamka. Hakuna mtu aliyemgusa." Hayo ya mwisho sikumuuliza, aliyasema mwenyewe. Nikaketi kwenye kizingiti, kisu kikiwa bado mkononi, na jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kumshukuru Mungu kwa presha. Machozi yalikuja baadaye. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo ni nchi ya namna gani hii ambamo mtu anapata habari ya msiba wa mama mzee, anauliza sababu huku moyo unamwenda mbio, na akisikia ni ugonjwa anashusha pumzi.

Hakuwa ndugu yangu wa damu, ingawa binti yake ananiita baba mdogo. Nilifahamiana naye mnadani, miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa natafuta maboya ya mshipi. Mimi huvua kwa kujifurahisha, kwenye malambo ya huku kwetu, na maboya ya dukani yalikuwa yananiishia kila mara. Nikamkuta mama mmoja mnene, wa makamo ya kuelekea uzeeni, ameketi chini mbele ya turubai, amepanga vitu ambavyo kwa mbali ungedhani ni takataka. Ndala zilizokwisha zilikuwa zimekatwa vipande vya mviringo na kutobolewa katikati, hayo ndiyo maboya. Plagi za pikipiki zilizoungua zilikuwa vizamishio. Spoku za baiskeli alizipinda na kuzichonga ncha, zikawa ndoano za kambale. Kamba alizisokota kwa nyuzi za viroba. Na madumu ya mafuta ya kula aliyakata shingo, akaigeuza ikaingia ndani, akayatoboa matundu kila upande, yakawa migono ambayo samaki akiingia kufuata harufu hajui tena njia ya kutokea. Alizaliwa Nkoma kwenye familia ya wakulima wa pamba, akaolewa kwa wavuvi upande wa Lamadi, na alipofiwa na mume akarudi kwao. Alisema mkono mmoja umejifunza shambani na mwingine ziwani.

Kitu kilichomletea wateja zaidi kilikuwa chambo chake. Vilikuwa vidonge vikubwa kama ngumi, vyeusi, vinavyonuka hadi nzi wanapigana. Unakitia kimoja kwenye chupa ya maji iliyotobolewa, unaifunga jiwe, unaizamisha, na harufu inatoka kidogo kidogo mpaka samaki wa lambo zima wanajua pa kwenda. Pamoja na chambo hicho alikuwa akifunga matita ya matawi na kuyazamisha karibu na ukingo, perege wakajificha humo na kuzaliana. Watu waliuliza ameweka nini kwenye vile vidonge, naye akacheka na kusema hiyo ni siri ya kampuni. Wateja wakazoea kukiita "dawa". Mama, nipe dawa ya kambale. Mama, dawa ya perege ipo? Naye aliitikia. Hakuna kati yetu aliyeona hatari yoyote katika neno hilo. Lakini fikirini, wasomaji wangu: huku kwetu dawa ni ile ya hospitali, ni ile tunayopulizia pamba, na ni ile ambayo mtu anadaiwa kuifukia kwenye mlango wa jirani. Neno moja, mambo matatu, na yule anayelisikia ndiye anayechagua.

Ulikuwa msimu wa kupulizia pamba. Aliniomba nimsindikize kwenye kijiji kimoja upande wa Itilima, ambako mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amemruhusu kuzamisha matita yake kwenye lambo la mifugo. Tulikwenda asubuhi kwa pikipiki mbili za kukodi, beseni la chambo akiwa amelipakata. Tulipokaribia tukaona watu wengi kwenye tuta, nami nikadhani ni mkutano. Tukashuka. Yeye akatangulia, akasalimia kwa Kisukuma kama anavyosalimia siku zote, "Mwangaluka!" Hakuna aliyeitikia. Msomaji wa kutoka mbali labda haoni jambo hapo. Mimi nimezaliwa huku, na sijawahi kuona salamu ya mama mzee ikiachwa ianguke chini vile, mbele ya watu wote wale. Kisha nikayaona maji. Perege walikuwa wameelea, matumbo juu, weupe, ukingo mzima. Ndama mmoja alikuwa amelala pembeni ana povu mdomoni.

Baadaye nilielezwa kwamba kabla hatujafika, watoto walikuwa wameokota samaki na kuchoma, na mmoja wao alikuwa anatapika, amekimbizwa zahanati kwa pikipiki. Wakati ule sikujua lolote. Nilichosikia ni sauti ya mwanamume mmoja, mrefu, mwenye kofia ya sufi, akisema bila hata kupaza sauti, "Ndiye huyu. Bibi wa dawa." Wa pili akasema, "Alikuwa hapa juzi, nilimwona anazamisha vitu." Mwanamke akasema, "Macho yake mnayaona?" Macho yake yalikuwa mekundu kweli, kwa moshi wa kuni na wa mioto ya kuyeyushia plastiki, na kila Msukuma anajua watu wa kale walisema mwanamke mzee mwenye macho mekundu ni mchawi, na wangapi wameuawa kwa ajili hiyo. Ndipo mtu akapiga mwano, lile yowe la kuita kijiji kizima, na wanaume wa sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaanza kuja kutoka mashambani na fimbo zao, wengine bado wamebeba mabomba ya kupulizia mgongoni. Vijana wakainua simu kurekodi. Nilisema, "Jamani, tumefika sasa hivi, sikilizeni kwanza." Mkono ukanisukuma kifuani. "Wewe wa mjini nyamaza, au mmekuja wote?" Nikaangalia tulikotokea. Pikipiki zetu zilikuwa zimeshazungukwa.

Sijui alipata wapi akili ile. Aliketi chini. Pale pale, kwenye tope la ukingo, katikati ya miguu ya watu waliosimama, aliketi na kuliweka beseni mbele yake kama aliyekuja kuuza. Baadaye aliniambia hakuwa na mpango wowote. Akafunua kitambaa, akachukua kidonge kimoja, akakivunja vipande viwili, na kumwita yule mwanamke aliyetaja macho, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, sogea unuse. Wewe unafuga, utanisaidia. Hiki ni nini?"

Yule mwanamke akasita. Watu wakamsukuma mbele. Akainama, akanusa. "Mashudu," akasema.

"Mashudu ya nini?"

"Ya pamba. Tunawapa ng'ombe."

"Na hii?"

"Pumba."

"Na hiki cheusi?"

"Vichwa vya dagaa. Vimeoza."

"Na udongo wa kichuguu wa kushikiza. Basi. Ndiyo siri yangu, sasa imekwisha."

Kwa dakika moja nilidhani tumepona. Kuna mtu hata alicheka. Lakini yule mwenye kofia ya sufi akasema, "Sumu hainuki," na nikaona nyuso zikijikunja tena, moja baada ya nyingine. Fimbo zilizokuwa zimeteremka zikapanda. Mama akamtazama. Kisha akaweka kipande cha kidonge mdomoni na kutafuna. Jamani, niliisikia ile harufu nikiwa nimesimama hatua chache kutoka pale, na niliona taya lake likitetemeka, akameza, akataka kutapika, akajizuia kwa kiganja, akamega kingine. Alikula mpaka kidonge kikaisha. Alipomaliza akasema, "Maji." Hakuna aliyempa. Mkubwa wa sungusungu, mzee mtulivu ambaye naamini hakupenda damu, akatoa uamuzi: "Akae hapo. Akidondoka tumejua. Asipodondoka tutamtafuta mwingine."

Tukangoja juani. Nimewahi kungoja mambo mengi maishani, majibu ya hospitali, mtoto kuzaliwa, lakini sijawahi kungoja huku watu wazima wakimwangalia mama mzee tumbo kuona kama litamkata. Kila alipojikohoza niliona vidole vikikaza fimbo. Mimi mwenyewe nilianza kuogopa jambo la kipuuzi: kwamba atakufa kwa ajili ya dagaa waliooza, na wao wataamini wameona ushahidi. Alikuwa anasali kwa midomo tu. Mimi nilijaribu kusali nikasahau maneno.

Aliyetuokoa ni bwana mifugo wa kata, aliyekuja kwa sababu ya ndama. Hakujua lolote lililokuwa likiendelea, na pengine ndiyo maana hakuogopa. Alizunguka lambo, akaingia kwenye matete upande inakoingilia mifereji ya mashamba, akarudi ameshika kwa kijiti chupa tatu tupu za dawa ya pamba. "Nani anaoshea mabomba humu?" akauliza kwa hasira. "Mnataka kuua ng'ombe wote?" Hapo nilitegemea yowe jipya na mwanadamu mpya wa kukamatwa. Halikupigwa. Watu walizitazama zile chupa kisha wakatazamana, na nikauona woga ukihama. Zilikuwa chupa ambazo kila nyumba pale ilikuwa nazo. Kila mtu alikumbuka bomba lake na mahali alipolisuuza. Wale waliokuja na mabomba mgongoni walikuwa wa kwanza kuondoka, bila kuaga, wakipita kando ya mashamba. Simu zikarudi mifukoni. Yule mwanamke akaleta maji kwenye kopo. Hakuna aliyesema samahani, na hakuna aliyetafutwa tena. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, na aliyemwaga dawa hajulikani hadi leo.

Tukiwa njiani mama alimwomba dereva asimame kwenye kisima, akafua kitenge chake. Alilisimulia mwenyewe mnadani, bila aibu, kwamba siku ile alijikojolea, na kwamba anayesema hakuogopa hajawahi kuzungukwa na watu. Hakurudi kuwa yule wa zamani. Aliketi akiwa ameegemeza mgongo ukutani daima. Yowe likisikika popote alisimama. Akanunua miwani myeusi, akawa anaivaa hata siku ya mawingu, na vijana wa mnadani wakamtania kwamba bibi amekuwa msanii. Alicheka nao. Mimi sikuweza.

Lakini mvua zilipojaza lambo lile upya, alirudi kijijini kule. Nilimsihi asiende. Alikwenda na mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani, mashudu peke yake, pumba peke yake, dagaa peke yao, akaketi nje ya ofisi ya kijiji saa za mchana na kukanda chambo huku akiwaita wanawake waje waweke mkono. Akawafundisha na kukata madumu. Kabla ya msimu kuisha wateja wake walikuwa wamepungua, kwa kuwa kila mtu alijitengenezea. Nikamwambia, "Mayu, unajiharibia kazi." Akanijibu huku anasokota kamba, "Baba, kazi ninayoijua peke yangu ndiyo iliyotaka kunichinja. Acha waijue." Hayo hayakumtoa woga. Mara ya mwisho tulipozungumza aliniuliza kama nimesikia lolote baya linalosemwa juu yake.

Tulimzika kwao Nkoma. Wanawake wa kile kijiji walikuja, wakaimba vizuri, wakapika, wakalia machozi ya kweli. Na miongoni mwa wanaume waliopokezana majembe kaburini nilimwona yule mwenye kofia ya sufi. Alifukia kwa bidii, jasho likimtoka, akampa pole binti wa marehemu kwa mikono miwili, kisha akanijia na kunisalimia kwa upole kama mtu ambaye hatujawahi kuonana naye. Labda kweli hakunikumbuka. Mkono wake ulikuwa na joto, mkono wa mtu mwema. Nilimwogopa kuliko nilivyoogopa kule lamboni. Ningependa angekuwa na uso wa muuaji, nikajua wa kumkwepa. Ana uso wa jirani yangu, na pengine, nikikaa vizuri mbele ya kioo, ana uso wangu.

Kwa hiyo somo ninalolichukua ni dogo, na ninalitoa nikiwa bado na hofu. Kila mwano huanza na mtu mmoja anayesema kwa sauti ya kawaida, "Ndiye huyu." Kuna nafasi fupi sana kabla wa pili hajaitikia. Ukiwa karibu naye hapo, iwe ni lamboni, kanisani au kwenye kundi la simu, muulize: umeona kwa macho yako? Muulize kwa sauti, wengine wasikie. Akishapata mwenzake, na mwenzake akapata mwingine, utaita mpaka koo likauke na hakuna atakayegeuka.