Salma Hasikii

Jirani yangu hapa Kihonda anamwandaa mwanawe kuanza chekechea Januari. Kila jioni, harufu ya vitunguu vyake inapopanda ukuta na kuingia dirishani kwangu, namsikia akimuuliza mtoto, "Unaitwa nani?" Kisauti chembamba kinajibu. Baba yako nani? Unakaa wapi? Hesabu moja mpaka kumi. Mtoto anayatoa majibu upesi upesi, kama anayemimina mahindi kwenye ungo, na mama yake anampigia makofi. Mimi huinuka nikafunga dirisha. Si kwa chuki, naomba mnielewe. Ni kwamba maswali hayo niliwahi kuyauliza mimi, nikiwa na miaka kumi, na kijiti cha mpera mkononi.

Tulikuwa tukikaa Mafiga wakati huo, nyumba ya vyumba viwili na uani kuna mpera mmoja mkongwe. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akija nyumbani mwisho wa mwezi, nguo zake zikinuka moshi na kitu kitamutamu kilichochacha. Mama aliuza karoti na njegere zilizoshushwa kutoka Mgeta. Aliondoka alfajiri kuwahi magari ya mboga, akirudi saa kumi, miguu imevimba. Mimi nilikuwa darasa la nne, nikiingia zamu ya asubuhi. Na alikuwapo mdogo wangu Salma, aliyekuwa akikaribia miaka mitano, mwenye kishimo kwenye shavu la kushoto na tabia iliyojulikana mtaa mzima: Salma hasikii.

Hivyo ndivyo tulivyosema sote. Ukimwita haji. Ukimkataza jambo analiendeleza huku amekupa mgongo, ametulia tuli, kana kwamba wewe ni upepo. Mama alimfinya. Baba, ambaye alimwona siku mbili tatu kwa mwezi, alicheka akasema amerithi kiburi cha shangazi zake. Kuhusu kutosema, wala hatukuwa na wasiwasi sana. Kabla hajatimiza miaka miwili aliugua homa kali, akapigwa na degedege, tukadhani tumempoteza. Alipopona alikuwa amesahau hata yale maneno machache aliyokuwa nayo. Bibi alishuka kutoka Kinole na chupa ya asali ya mlimani, akampaka chini ya ulimi, akasema wako watoto wenye ulimi mzito, siku ukifunguka mtaomba anyamaze.

Siku moja mama alirudi na habari kwamba kuna chekechea nzuri nyuma ya kanisa, karibu na kwetu, ila mwalimu wake hapokei mtoto asiyeandaliwa nyumbani. Mama alikuwa ameyakariri masharti yote. Mtoto ajue kuvaa na kufunga vifungo. Ajue kwenda chooni peke yake na kunawa. Ajue kushika penseli, kuamkia wakubwa, kutaja jina lake na la baba yake, kuhesabu mpaka kumi. Mama hakuwa na nafasi ya kufundisha yote hayo. Alinitazama, akasema, "Hadija, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Samaki mkunje angali mbichi. Mwandae mdogo wako."

Sijawahi kupewa cheo kikubwa kama kile. Nilitandika mkeka chini ya mpera, nikachukua kipande cha mkaa na ubao wa sanduku la nyanya, nikaanza shule.

Mwezi wa kwanza Salma alinishangaza. Mambo ya mikono aliyajua kwa kutazama mara moja tu. Nilimwonyesha kifungo, akakifunga. Nilimwonyesha viatu, akavivaa, na kamba akazifunga vizuri kuliko mimi. Alishika mkaa akachora duara lililofungana, akachora kuku, akachora mama na beseni kichwani, na ukiangalia unamjua ni mama. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama anayetawadha. Nikisimama anasimama, nikikaa anakaa. Alikuwa akinitazama usoni muda wote, macho hayabanduki, nami nikajiona mwalimu hodari.

Tulipofika kwenye maneno, mambo yakaharibika. "Sema, naitwa Salma." Akafungua mdomo kama nilivyoufungua mimi, ikatoka sauti isiyo na umbo. "Sema shikamoo." Sauti ileile. Nikarudia mara ishirini. Akarudia mara ishirini, akitabasamu, akitafuta usoni mwangu kama amepatia. Nilidhani ananidhihaki. Mtoto anayeweza kufunga kamba za viatu anashindwaje kutaja jina lake? Ndipo nilipovunja kijiti cha mpera. Sikumpiga sana, nilijiambia hivyo, nilimgusa tu kwenye vidole. Lakini nilimgusa kila siku, wiki baada ya wiki. Alikuwa akivuta mkono, anaunyonya, kisha anaurudisha palepale juu ya goti na kufungua mdomo upya.

Siku ya usaili mama hakwenda sokoni. Salma alivaa gauni jipya la mirabaraba ya waridi, sare yenyewe, maana mama alikuwa ameshaishona kwa kujiamini. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole, hana kosa lolote. Kwanza aliwapima watoto umri kwa njia ya zamani: mkono upite juu ya kichwa uguse sikio la upande wa pili. Alionyesha mwenyewe, na Salma akawa wa kwanza kuiga. Bado nakiona kile kidole chake kidogo kimeshika ncha ya sikio, na uso umejaa fahari. Kisha mwalimu akakaa mezani, akafungua daftari, akainamisha kichwa kuandika, na akiwa ameinama hivyo akauliza, "Haya, unaitwa nani?"

Salma alikuwa anatazama utosi wa mwalimu. Hakuna kilichotokea. Mwalimu akauliza tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikifungua mdomo wangu kwa nguvu zote bila kutoa sauti, Sal-ma, Sal-ma, lakini hakuwa ananitazama mimi. Mama akamfinya begani. Salma akageuka, akaona nyuso zetu zilivyo, akaanza kulia kwa ile sauti yake.

Mwalimu alimwambia mama kwa upole kwamba mtoto bado hajakomaa, akae naye nyumbani mwaka mmoja, amwandae zaidi.

Kesho yake alfajiri, mama kabla hajaondoka, nilipotoka chumbani nilimkuta Salma ameketi kizingitini amevaa gauni la waridi, vifungo vyote sawa, kamba zimefungwa, mikono imenawiwa mpaka viwikoni. Alikuwa akingoja. Ndicho tulichomfundisha, na hicho alikuwa amekielewa. Mama alimvua, akampa nguo za nyumbani. Siku iliyofuata alivaa tena. Mama akaificha sare juu ya kabati, Salma akapanda kiti akaishusha. Kuna asubuhi mama alimkuta hivyo kizingitini, akaliacha beseni la mboga chini, akarudi ndani, akakaa kitandani muda mrefu, na magari ya mboga yakaondoka bila yeye.

Mwaka ule likizo ya Juni tulipelekwa Kingolwira kwa mama mdogo, ndugu yake mama, ambaye nyumba yake haikuwa mbali na reli. Kazi yangu niliifuata hukohuko. Nilikuwa nimeona kwamba Salma anaelewa hesabu ikiwa ni ya vitu, kwa hiyo nilimnyooshea vidole vyote kumi, nikamwonyesha jiwe, nikamwashiria alete. Akaenda. Nikakaa barazani nikimenya njegere.

Mawe mazuri ya pale ni kokoto za reli. Nilipoinua kichwa nilimwona amechuchumaa katikati ya reli, amenipa mgongo, anachagua. Na kutoka upande wa Morogoro kilikuwa kinakuja kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, kinapiga honi. Kilipiga mara ya kwanza, ya pili, kisha kikawa kinapiga mfululizo. Niliita. Niliita mpaka kifua kikauma. Nilikimbia, njegere zikimwagika, na nakumbuka nilivyoona kwamba sitafika, kwamba hesabu ya hatua zangu na ya yale magurudumu haikubali. Salma aliinua kokoto moja, akaipuliza vumbi, akaiweka kwenye pindo la gauni.

Kiberenge kilisimama hatua kama nne kutoka kwake, vyuma vikilia na kunuka moto. Hapo tu ndipo aligeuka, nadhani kwa sababu ardhi ilitetemeka. Alipowaona mafundi akawatabasamia.

Mmoja wao, mzee mwenye fulana ya rangi ya machungwa, alishuka amekasirika sana. Mimi nilikuwa nimefika, nimemkumbatia Salma. Mzee alifungua mdomo atukaripie, kisha akamwangalia Salma kwa makini. Akazunguka nyuma yake. Akapiga makofi mara mbili, kwa nguvu, karibu kabisa na kisogo chake. Mimi nilishtuka. Salma alikuwa anahesabu kokoto zake kwa kidole.

"Huyu mtoto hasikii," mzee alisema.

"Shikamoo. Ndiyo, hasikii kabisa," nikajibu huku nalia. "Hata mama anamfinya lakini hasikii."

Mzee alichuchumaa mbele yangu. Hasira ilikuwa imemtoka yote. "Sisemi hivyo, mwanangu. Nasema masikio yake."

Tuliporudi Mafiga nilimweleza mama. Alichukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akaenda kusimama nyuma ya Salma aliyekuwa anapanga kokoto zake mkekani, zote kumi. Akagonga. Kuku walitawanyika. Akagonga tena, akasogea, akagonga karibu na sikio la kulia, kisha la kushoto. Majirani walichungulia. Mama aliendelea kugonga hata pale ambapo hapakuwa tena na kitu cha kujua, mpaka nikamshika mkono. Akakaa chini mchangani na kile kifuniko mapajani. Salma alipomwona amekaa, akamletea jiwe moja.

Nisiwafiche, baada ya hapo hatukuwa na la kufanya, na tulifanya kila kitu. Hospitali walisema ni ile homa ya zamani, imekula usikivu karibu wote. Walimjaribishia kifaa cha masikioni, akakivua, kilimletea kelele tu. Baba alisema Mungu ndiye ajuaye, akaongeza kurudi nyumbani, mara mbili kwa mwezi badala ya moja. Shule ya watoto viziwi tuliyoelekezwa ilikuwa mkoa mwingine, na nafasi ilibidi kungojwa. Ilingojwa miaka miwili na nusu. Na katika miaka hiyo kila Januari watoto wa mtaa walipita na mabegi yao, na Salma aliketi kizingitini akiwatazama, amevaa vizuri. Gauni lilipombana, alivaa nguo za nyumbani na vile viatu.

Siku alipoondoka alikuwa amepita miaka minane. Hatukuwa na namna ya kumweleza anakwenda wapi. Mama alimwonyesha begi, penseli, sare mpya, naye akaruka kwa furaha. Lakini kwamba atalala huko, kwamba tutaonana likizo, kwamba hatumtupi, hayo yote hayakuwa na ishara nyumbani kwetu. Alipanda basi na baba akidhani ni shule ya kwenda na kurudi. Mama aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake hajawahi kumdanganya mtu kama alivyomdanganya Salma siku ile, na hakusema neno hata moja.

Leo Salma ni fundi cherehani, hapa hapa mjini. Ana wateja, ana mume, ana ucheshi mkali ambao hatukuujua. Lugha yake ya mikono mimi naijua kwa kuokoteza, kama mgeni sokoni. Mwaka jana nilimtembelea dukani, nikajikaza nikamuuliza kama anakumbuka shule yetu chini ya mpera.

Aliweka kitambaa pembeni, akanijibu taratibu ili nifuate. Anakumbuka. Alidhani ule ni mchezo: dada anafungua mdomo, na yeye anafungua mdomo, na dada akikasirika basi yeye amefungua vibaya. Kwa hiyo kila siku alijaribu kuufungua kwa namna nyingine. Nikamuuliza, na jina? Hakuelewa swali langu mara ya kwanza. Kisha akasema kwamba hakujua kuwa watu wana majina. Alilijua hilo huko shuleni, siku mwalimu alipomwita kwa kugusa shavu la kushoto, penye kishimo, na watoto wote wakafanya vilevile.

Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikijilaumu kwa kumwadhibu mtoto asiyesikia. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yule mtoto, mkono wake ukimwasha, alikuwa anajitahidi kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumwona, kwa ajili ya kunipendeza mimi tu.

Ishara ya kuomba msamaha naijua. Nikaifanya, vibaya kidogo. Alicheka, akanisahihisha vidole, akanipapasa mkono, kisha akainama kwenye cherehani kwa sababu mteja alikuwa amefika. Yalikuwapo mengine ya kumwambia. Nikabaki nimesimama nyuma yake, nikingoja ageuke.