Tulidhani Sauti Imekwisha kwa Kuamia Ndege

Kho! Kho! Kama mbwa mdogo aliyefungiwa ndani. Mpaka leo nikikumbuka kile kikohozi cha mwanangu Tumaini, mkono unakwenda kifuani wenyewe.

Msimu ule tulihamia shambani Mofu, mimi, Tumaini wa miaka mitatu na mama mkwe, kuamia ndege wasimalize mpunga. Kazi yenyewe ni kupiga kelele kutwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Mimi napiga kelele huku naota saluni yangu ya Ifakara, Tumaini ananiigiza. Siku ya tatu sauti yake ikakauka, na mafua kidogo. Tukamcheka. "Ndege wamemmaliza mwenzetu!" alisema mama mkwe. Kila anayeamia hukaukwa sauti, nani angeshtuka?

Kesho yake asubuhi akaanza kubweka. Akivuta pumzi koo linakoroma, na ngozi chini ya mbavu inabonyea ndani. Mama akampanua kinywa kwa kijiko.

"Kimeo hiki, mama Tumaini. Twende kwa yule babu mkata vimeo akikate."

Mtoto akalia, pumzi ikazidi kubana, midomo ikapauka. Nilikuwa sijawahi kumbishia mama mkwe. Siku ile nilimpigia magoti.

"Mama, nisamehe. Pumzi yenyewe hii ya kuvuta kwa shida, tumtie na kisu?"

Akaweka kijiko chini. Kisha akatoka mwenyewe kuita bodaboda.

Hospitalini Ifakara nilimweleza daktari yote, akasema, "Mpakate hivyo hivyo, amekaa. Mbembeleze, akilia anabana zaidi. Na kijiko kooni basi! Si kimeo, ni kooni, penye njia ya sauti, ndiko kumevimba." Akapewa dawa ya kunywa, akavutishwa pia mvuke wa dawa kwa barakoa. Kufika mchana mbavu zilikuwa zimetulia.

"Kumbe ningemuua mjukuu wangu," mama alilia.

"Hukujua, mama. Hata mimi si nilicheka?"

Wenzangu, mtoto akikaukwa sauti mpumzisheni, mpeni maji kidogo kidogo. Akianza kubweka, mpelekeni akaonwe. Na akikoroma anapovuta pumzi, mbavu zikibonyea au midomo ikibadilika rangi, msingoje hata chai ichemke. Namshukuru Mungu, yule daktari, na mama mkwe aliyekubali kunisikiliza mimi mdogo.

Jioni ile, tukiwa bado hospitalini, Tumaini aliomba uji kwa sauti ya jogoo mgonjwa. Akanywa nusu kikombe, akasinzia. Mama alikwenda kufua khanga. Nikabaki peke yangu, nikamalizia ule uji wake, umeshapoa, mpaka chini.