Kucha Zilizotiwa Hina

Huenda nakosea maneno ya kitaalamu, maana shule yangu iliishia darasa la nne, na yule daktari mgeni alisema nasi kupitia kwa dresa, yule msaidizi wa hospitali afungaye vidonda. Uhuru ulikuwa mchanga wakati huo. Naandika nilivyosikia.

Mke wangu alikuwa na pumu. Ikimshika, alisimama mlangoni kwetu Mwabungo amekamata miimo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, nami sina la kumfanyia. Daktari akatwambia kwamba shingoni, njia ya damu inapogawika, pana kinofu kidogo kama punje ya mchele. Chembe zake huonja damu. Hewa ikipungua, zenyewe hutoa dawa, dawa hiyo huuamsha mshipa wa fahamu, na mshipa hupeleka habari kichwani kwamba mtu anakosa pumzi.

"Dawa gani hiyo?" nikauliza.

"Hilo wenyewe twabishana bado."

Angeweza kukitoa kinofu. Hakutuficha kitu, lazima niseme. Pumu itabaki, alisema, itakayoondoka ni dhiki yake. "Usimwulize kama ni mzima, hatajua. Tazama kucha. Zikigeuka buluu, mlete siku ile ile."

Nikatia sahihi, kinofu kikatolewa. Miezi iliyofuata alilala chali, jambo nisilowahi kuliona tangu nimuoe.

"Wakoroma," nikamwambia.

"Niache. Wewe umekoroma miaka kumi nakusikiliza."

Kila asubuhi nilimshika mkono nikatazama kucha. Alisema namposa upya.

Ikaja arusi ya binti wa dada yake. Wanawake wakakoroga hina, nami nikawaomba wamwachie kucha.

"Shemeji," akasema dada yake, "mwanamke asiyetiwa hina ni aliye edani. Wewe umekufa lini?"

Wakacheka wote. Ningeweza kueleza. Niliona haya kusimama mbele yao nikihadithia shingo ya mke wangu. Nikasema haya, mpakeni.

Siku ya tatu baada ya arusi alikuwa barazani akichagua kunde, mikono mizito kidogo. Nikamuuliza, "Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Hakunidanganya, ndivyo alivyojisikia. Nikamshika mkono. Kucha zote nyekundu hadi shinani. Nikaurudisha juu ya ungo, nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimelala begani, na pumzi hana.

Labda hata hospitalini wangeshindwa. Labda, bila hina, nisingeijua buluu yenyewe. Sijui, na sitaki kujipunguzia wala kujizidishia.

Siku ya arubaini dada yake alinijia akilia. "Mungu akulipe, shemeji. Ulinikubalia nikampamba dada yangu."

Hakujua kucha zile nilizitakia nini. Nilifungua kinywa nimwambie, nikamtazama uso.

"Nawe akulipe," nikasema. "Alipendeza."