Kiti cha Mama Courtin

Kila jioni, duka la glovu alikofanya kazi lilipofungwa, Zélie Courtin alimwambia mama mkwe wake kwamba anakwenda kanisani kuwashonea maskini nguo. Mama Courtin hakuwapenda maskini, na kanisa lile hakulipenda pia, kwa hiyo hakuuliza zaidi. "Nenda," alisema. "Lakini ukirudi, supu yangu iwe ya moto."

Zélie hakushona hata kifungo. Alipanda ngazi za mtaa wa Montmartre, Paris, akakata uchochoro ulionuka kabichi, akaingia kwenye ukumbi wa mbao ambao zamani watu walichezea biliadi. Humo, karani wa posta aitwaye Achille Bourdeau alikuwa ameanzisha kikundi chake cha maigizo. Waigizaji wake wote walikuwa watu wa kazi, wenye vidole vya wino au vya nyama. Tiketi hazikuuzwa. Walioingia walikuwa wanachama wenye kadi za mwaliko tu, hivyo mkaguzi wa serikali, aliyekuwa akikata maneno katika michezo ya kumbi kubwa, hakuwa na mamlaka pale. Kisheria ilikuwa kama mtu aliyealika wenzake nyumbani.

Bourdeau hakutaka sauti za kuimbaimba, wala mwigizaji kujipiga kifua mbele ya taa.

"Upande ule wa watazamaji ni ukuta," alikuwa akifoka. "Wewe nyumbani kwako unaongea na ukuta?"

"Mimi naongea nao, bwana," alijibu Anselme, kijana wa buchani aliyeigiza kama mume wa Zélie. "Mke wangu hanisikilizi."

Zélie aliwapenda kwa vicheko hivyo. Nyumbani hapakuwa na kicheko. Mumewe alikuwa amekufa kwa kifua, na siku za mwisho alimshika mkono akamwomba asimwache mama yake peke yake. Zélie aliitikia. Nani angekataa, mgonjwa anamtazama hivyo? Tangu hapo aliishi katika chumba cha kulia chakula cha yule mama: kabati kubwa la vyombo, meza na viti vyake, kiti chenye mikono kilichochakaa, na bakora. Akitaka kitu, Mama Courtin aliigonga bakora sakafuni, na Zélie aliinuka. Vidole vya mama vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, havikuweza kukata mkate. Zélie alimkatia vipande vidogo, siku zote, kama anamkatia ndege.

Mambo hayo aliwasimulia wenzake wakati wa mazoezi, kwa kuigiza ile bakora, nao wakavunjika mbavu. Bourdeau hakucheka. Alikuwa akisikiliza. Baada ya wiki chache alileta mchezo alioutunga mwenyewe: mume, mke, na mama mgonjwa wa ghorofani ambaye haonekani hata mara moja, anasikika tu akigonga sakafu. Mke ni Zélie.

"Hii ni nyumba yangu, Bwana Bourdeau," alisema Zélie kwa sauti ndogo.

"Ni nyumba ya nusu ya Paris, dada. Ndiyo maana watakuja."

Mchezo ungeonyeshwa usiku mmoja tu, kama ilivyokuwa desturi yao. Lakini wenye ukumbi mmoja wa Brussels wangekuwepo, na wakiupenda, kikundi kingeitwa huko kwa majira yote ya baridi. Zélie hakumwambia mtu yeyote alichoamua. Wakiitwa Brussels, angekwenda, na asingerudi. Angemwandalia mama mkwe mtumishi, angemwomba marehemu msamaha, basi. Alilala na kuamka na neno hilo moja: Brussels.

Zilipobaki siku chache, Bourdeau aliyapiga teke makochi ya kukodi. "Hivi viti havijawahi kukaliwa na mtu mwenye shida! Nataka vitu vya kweli."

Wiki hiyo Mama Courtin alikuwa amekwenda Beauvais kwa dada yake. Zélie, kwa furaha ya kuwa peke yake, alijikuta akisema: "Chukueni vya kwetu."

Anselme alivileta kwa mkokoteni wa buchani. Zélie alipofika jioni, alisimama mlangoni. Kuta tatu za turubai, na ndani yake kabati lilelile, meza ileile, kiti kilekile mahali pake karibu na jiko. Nyuma kulikuwa na mlango wa mbao wenye kitasa, maana Bourdeau alikataa milango ya kuchora. Zélie alipita, akajigonga nyonga kwenye pembe ya kabati, palepale anapojigonga kila asubuhi.

"Vipi, mke wangu?" aliuliza Anselme. "Umeona jini?"

"Hapana. Nimefika nyumbani."

Usiku wa mchezo ukumbi ulijaa. Bourdeau aliwakusanya. "Pazia likifunguka, hakuna kusimama. Hata paa likianguka, mnaishi chini ya paa lililoanguka. Sawa?" Kisha akachukua fimbo, akagonga jukwaa mara tatu, kama inavyogongwa katika kila ukumbi wa Ufaransa kabla ya pazia, na taa za ukumbini zikazimwa. Giza likameza watu.

Mambo yalikwenda vizuri. Supu ilikuwa ya kweli, mvuke ulionekana. Bourdeau aligonga juu ya ngazi nyuma ya turubai, Zélie akaacha kijiko na kumwambia Anselme, kama ilivyoandikwa, "Mama anaita."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Mama Courtin alikuwa amesimama hapo na kofia yake ya safari. Alikuwa amegombana na dada yake, akarudi mapema, akakuta chumba kitupu. Mlinzi wa jengo alimwambia kuhusu mkokoteni wa buchani na uchochoro wa Montmartre. Kwenye mlango wa mbele walimzuia, hana kadi, akazungukia uani, akapenya nyuma ya jukwaa, akaona mwanga chini ya mlango. Sasa alikuwa anatazama kabati lake. Upande wa pili kulikuwa na giza tupu. Macho yake mabovu hayakuona mtu.

Zélie alisubiri akemewe. Moyoni, mbali kabisa, kitu kilishangilia: sasa yataisha. Atapiga kelele, nitatukanwa, na kesho nitakuwa huru.

Mama Courtin hakupiga kelele. Alitembea polepole hadi kwenye kiti chake, akaketi akiwapa watazamaji mgongo, akavuta sahani ya Anselme. Akaonja.

"Imepoa," alisema.

Gizani watu walicheka chinichini, masikio mazito ya mama yasisikie. Mama wa ghorofani ameshuka! Anselme alimwangalia Zélie kwa macho yaliyotoka. Nyuma ya turubai Bourdeau alinong'ona kwa ukali, "Endeleeni! Endeleeni!"

"Mama," Zélie alisema, "umerudi mapema."

"Nimerudi kwangu. Kumbe kwangu kumehama." Bakora iligonga sakafu. "Mwanangu alikaa kiti hicho alichokalia huyu. Alikaa hapo akikohoa damu. Wewe umemkalisha nani?"

Anselme akainuka bila kujua ameinuka.

Zélie alitafuta neno. Alikuwa nayo mengi, aliyoyaweka kwa miaka. Lakini aliuona ule mkono uliovimba ukihangaika na kipande cha mkate, kinateleza, kinarudi, kinateleza. Na mikono yake mwenyewe, bila kumwuliza, ikachukua kisu. Ikakata vipande vidogo. Ikavisogeza karibu na sahani. Alijichukia hadi machozi yakamtoka, na mikono iliendelea kukata.

Mama Courtin alikula. Bourdeau akafunga pazia.

Makofi yalianza kama mvua ya mbali, kisha ukumbi mzima ukasimama. Mama Courtin aligeuka kwenye kiti. "Kuna watu?"

"Wengi, mama," alisema Anselme. "Wamekupenda."

"Mimi? Kwa lipi?"

Wageni wa Brussels walikuja nyuma ya jukwaa. Walimpita Zélie, wakainama mbele ya kile kiti na kuubusu ule mkono uliovimba. Hawakuwahi kuona mwigizaji mzee mwenye ukweli kama ule, walisema. Huyu hana budi kuja. Zélie alibaki na kisu mkononi, akingoja lile tusi ambalo lingemwachilia huru. Mama Courtin aliwatazama mmojammoja, mashavu yamepata rangi ambayo Zélie hakuwahi kuiona.

"Na kiti changu?" aliuliza.

"Kitakwenda nawe, mama," Bourdeau alisema. "Na kabati."

"Na huyu?" Alimwelekezea Zélie bakora. "Nani atanikatia mkate?"

"Huyu ndiye roho ya mchezo! Bila yeye hatuendi." Bourdeau alimshika Zélie mabegani, anang'aa kwa furaha. "Si ulikuwa unaitaka Brussels, dada?"

Zélie akaitikia. Nani angekataa, watu wote wanamtazama hivyo?

Walikwenda kabla ya theluji. Nyumba ya wageni iliwapa chumba kimoja chenye vitanda viwili. Jioni ya kwanza, Zélie aliketi jukwaani nyuma ya pazia, mbele ya meza ileile, akisikiliza watu wa Brussels wakivuta viti vyao. Mbele yake palikuwa na upande mmoja usio na turubai, na huo ndio aliokatazwa kuutazama.

Pembeni, Mama Courtin alikuwa anabishana na Bourdeau. Fimbo ya ukumbi ni nyepesi, alisema, haisikiki. Yeye anayo yake.

Bourdeau akampisha. Bakora ikagonga jukwaa mara tatu. Pazia lilipofunguka, watazamaji walimkuta Zélie tayari amesimama.